Mali ya Maskini na Hesabu Yake
Somo la amri ya saba katika kazi za mapendo

Katika milima ya Kipese, nyumba ikipatwa na ugonjwa au kifo, majirani hawangoji kuitwa. Mmoja huleta kuni, mwingine maharagi, mwingine kikapu cha viazi. Na mjane asiye na shamba kubwa hufungua pembe ya kitambaa chake, akatoa noti ya faranga mia tano. Desturi hiyo ni njema. Wahenga waliifuata kabla mapadri wa kwanza hawajafika katika nchi hii, na Eklezia huitukuza kwa kuwa inafanana na mapendo ya Kristu.

Lakini kuna jambo jingine ambalo mkatekumeni hana budi kujifunza kabla ya kubatizwa. Kutoa ni nusu tu ya kazi ya mapendo. Nusu ya pili ni kuitunza vema mali iliyotolewa, kuifikisha kwa yule aliyekusudiwa, na kutoa hesabu yake mbele ya watu. Nusu hiyo ya pili ikisahauliwa, ya kwanza nayo hupotea.

MFANO

Mfano huu si habari ya mtu fulani wala ya kijiji fulani; lakini wengi watautambua.

Palikuwa na jumuiya ndogo ya wakristu, yaani shirika, iliyomchagua mzee mmoja atunze sadaka za maskini. Mzee huyo alikuwa mtu wa sala na wa maneno machache. Aliiweka fedha katika kopo chini ya kitanda chake. Hakuwa na kitabu. Watu walisema: «Mzee wetu ana kitabu moyoni.»

Miaka mitatu ikapita. Usiku mmoja mama mja mzito alishikwa na uchungu, mzee akalipa pikipiki ya kumpeleka hospitali. Siku nyingine alinunua dawa ya mtoto aliyekuwa na homa kali. Mara moja alikopa mwenyewe faranga elfu tano kwa masomo ya mwanawe, na baada ya mavuno akazirudisha. Jirani mmoja alimwona akizitoa. Hakuna aliyemwona akizirudisha.

Ukafika mwaka 2024, vita ikapanda kutoka kusini. Watu wengi wa Kanyabayonga, Kayna na Kirumba walikimbia kuelekea Lubero na Butembo, wamebeba watoto na magodoro. Jamaa moja ya wakimbizi ikapokelewa katika shirika lile, na wote wakapatana kwamba fedha ya kopo iwanunulie mablanketi, maana baridi ya milimani ni kali. Kopo likafunguliwa. Ndani zilikuwamo faranga elfu kumi na mbili.

Watu wakanyamaza. Kisha mama mmoja kijana akasema kwa adabu: «Baba, hatukushitaki. Twataka kujua tu.»

Mzee akajibu: «Mwanangu, tazama nyumba yangu. Kama ningeiba, nyasi hizi zingekuwa mabati.»

Alisema kweli. Lakini hakuweza kusema ni nani waliosaidiwa, lini, wala kwa kiasi gani. Aliwakumbuka wanne; wengine aliwasahau. Yule jirani akataja faranga elfu tano. Tangu siku hiyo sadaka zikapungua Jumapili kwa Jumapili. Mzee akaacha kuja katika sala ya shirika, akaona haya kama mwizi, naye hakuwa mwizi. Wakimbizi wakalala usiku ule bila blanketi.

Nani alikosa? Mzee alikosa kwa kutoandika, na kwa kujikopesha mali ya maskini bila shahidi. Shirika lilikosa zaidi, kwa maana lilimwekea mtu mmoja mzigo wa watu wote, likakaa miaka mitatu bila kumwuliza neno. Walidhani kumwuliza ni kumtukana. Kumbe kutomwuliza ndiko kulikomwangamiza.

MALI HIYO NI YA NANI?

Wengi wa Kipese wanaijua likelemba. Watu kumi hutoa kiasi sawa, na kila mmoja hupokea kwa zamu yake. Katika likelemba mtu hutoa ili arudishiwe. Fedha ni ya wanachama, na asiyepata zamu yake hudai kwa sauti kubwa.

Mali ya mapendo ni ya namna nyingine. Aliyetoa hakuitoa ili irudi kwake. Aliyeitunza hakuichuma. Mwenyewe ni yule maskini ambaye mara nyingi hajui hata kwamba imekusanywa, wala hana sauti ya kuidai. Ndiyo sababu mali hiyo yahitaji kulindwa kuliko likelemba. Anayemwibia tajiri atashitakiwa kesho yake. Anayemwibia yatima huenda asishitakiwe kamwe hapa duniani. Amri ya saba yakataza yote mawili, lakini wizi wa pili ni mzito kupita wa kwanza, kwa kuwa unamwibia asiye na mtetezi, na tena unaua moyo wa kutoa katika wale waliotoa.

WALIVYOFANYA WATU WA KALE

Kitabu cha Wafalme chasimulia habari za Yoasi, mfalme wa Yuda. Fedha ilitolewa ili hekalu litengenezwe. Miaka ikapita, na nyufa zikabaki ukutani. Hapo kuhani Yehoyada alitwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na altare. Kila sanduku lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili, wakahesabu, wakaifunga fedha katika mifuko, na mafundi wakalipwa. Mkatekumeni aangalie vema: hawakuhesabu mtu mmoja, bali wawili, na hao wawili hawakuwa wa nyumba moja.

Mtume Paulo alikusanya msaada katika makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yeruzalemu. Yeye alikuwa mtume, naye angeweza kusema: «Niaminini.» Hakusema hivyo. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo mtu wa kuwalaumu kwa ajili ya fedha ile nyingi. Alitaka kazi yake iwe safi mbele ya Mungu, na iwe safi mbele ya watu pia. Ikiwa Paulo hakutaka kubeba mfuko peke yake, ni nani leo atakayekasirika akiombwa abebe pamoja na mwenzake?

Kundi la mitume lenyewe lilikuwa na mfuko. Yuda Iskarioti aliushika, naye, kama Yohane alivyoandika, alikuwa akiiba vilivyotiwa ndani. Kutembea karibu na Yezu mwenyewe hakukumfanya Yuda kuwa mwaminifu. Basi cheo katika Eklezia si hesabu, na sala ndefu si hesabu. Hesabu ni hesabu.

SHERIA YA EKLEZIA NA SHERIA YA NCHI

Mkusanyo wa sheria za Eklezia uliotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1983 hausemi jambo hili kwa mafumbo. Kanuni ya 1267 yaagiza kwamba sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumiwe kwa kusudi hilo tu. Kilichotolewa kwa wagonjwa kisinunue viti vya kanisa, ijapokuwa viti vinahitajiwa. Kanuni ya 1284 yawaagiza watunza mali waandike vitabu vya mapato na matumizi kwa utaratibu, na mwisho wa kila mwaka watengeneze taarifa ya kazi yao. Kanuni ya 1287 yasema kwamba waamini wapewe hesabu ya mali walizozitoa, kwa namna iliyopangwa na jimbo lao. Tena kanuni ya 537 yataka kila parokia iwe na baraza la uchumi, ambamo waamini humsaidia paroko kusimamia mali. Hivyo mkristu anayeuliza hesabu kwa heshima haasi; anatimiza yale ambayo Eklezia yenyewe imeyaweka.

Serikali ya Kongo nayo ina sheria. Ni sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayohusu vyama visivyotafuta faida. Sheria hiyo yaweka mkutano mkuu wa wanachama juu ya viongozi. Mkutano ndio unaowachagua viongozi na kuwaondoa, nao ndio unaothibitisha makadirio ya fedha na hesabu. Rais wa chama si mwenye chama. Yeye ni mtumishi aliyewekwa kwa muda.

NAMNA YA KUTUNZA VEMA

Kazi hii haihitaji elimu kubwa. Daftari moja, kalamu, sanduku, na watu wenye nia njema vyatosha.

La kwanza: Kazi zigawanywe. Mmoja atunze fedha, wa pili aandike, na neno la kutoa litoke kwa kamati, si kwa mmoja wao. Mtu akiwa mtunzaji, mwandishi na mwamuzi kwa pamoja, amewekewa kishawishi asichostahili kuwekewa. Tena mume na mke, au ndugu wawili wa baba mmoja, wasishike kazi hizo pamoja, maana ni vigumu kwa ndugu kumwambia ndugu yake: «Hapa pamepungua.»

La pili: Sanduku liwe na kufuli zaidi ya moja. Vyama vya kuweka na kukopeshana, viitwavyo AVEC katika vijiji vya Kivu, vyatoa mfano mzuri. Namna hiyo ilianza mwaka 1991 kati ya wanawake wa Maradi, katika nchi ya Nijeri, wakisaidiwa na shirika la CARE. Sanduku lao lina kufuli tatu. Funguo zashikwa na wanachama watatu, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu mwingine. Halifunguliwi ila katika mkutano, mbele ya macho ya wote. Fedha huhesabiwa kwa sauti, na wanachama huishika jumla kichwani mpaka mkutano unaofuata, hata wale wasiojua kusoma. Basi mama asiyejua kusoma anaweza kuwa mkaguzi, akikumbuka hesabu iliyotajwa.

La tatu: Kila kitu kiandikwe siku ile ile. Kiandikwe kilichoingia, kilichotoka, tarehe, na sababu. Vitu vya shamba viandikwe pia: kilo za maharagi, magunia ya viazi. Anayepokea msaada aweke sahihi yake au alama ya kidole mbele ya shahidi. Hati ya duka na ya dawa zihifadhiwe katika bahasha. Mfano wa ukurasa wa mwezi mmoja ndio huu:

Yaliyoingia
Baki ya mwezi uliopita: faranga 18,000
Sadaka za Jumapili nne: faranga 31,500
Gunia la viazi lililotolewa na kuuzwa: faranga 45,000
Jumla: faranga 94,500

Yaliyotoka
Dawa za wagonjwa wawili: faranga 22,000
Daftari na kalamu za mayatima: faranga 15,000
Sabuni, chumvi na mafuta kwa wakimbizi: faranga 19,500
Jumla: faranga 56,500

Baki: faranga 38,000

Baada ya kuandika, fedha ya sanduku ihesabiwe. Ikiwa ndani zimo faranga 38,000, kitabu na sanduku vimepatana. Ikiwa zimo 36,000, kosa litafutwe siku hiyo hiyo, wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Kosa la mwezi mmoja huonekana upesi. Kosa la miaka mitatu ni kama sindano iliyoanguka katika nyasi.

La nne: Pawepo wakaguzi. Shirika lichague wawili wasio wa kamati. Kila miezi mitatu wasome kitabu, watazame hati, wahesabu sanduku. Wawatembelee pia wachache waliosaidiwa, wawaulize kwa upole: «Mama, kitabu chasema ulipokea kilo kumi za maharagi. Ni hivyo?» Akijibu kwamba alipokea tano, pana jambo la kuchunguza. Kitabu chaweza kusema uongo. Tumbo la maskini halisemi.

La tano: Wanaosaidiwa wachaguliwe kwa haki. Kamati ipatane kwanza ni nani atatangulia: mgonjwa asiye na jamaa, yatima, mjane mzee, mkimbizi aliyefika mikono mitupu. Mwanakamati akiwa na ndugu yake kati ya wanaoomba, atoke nje wakati wa kuamua. Asibaguliwe mtu kwa kabila, kwa dini, wala kwa kuwa hakumpigia kiongozi kura. Lakini majina ya waliosaidiwa yasitangazwe kanisani, kwa maana maskini naye ana heshima yake. Itangazwe jumla na idadi ya watu. Majina yabaki katika kitabu, yaonwe na wakaguzi.

La sita: Fedha ya maskini isikopeshwe. Kiongozi akihitaji mkopo, aende kwenye chama cha mikopo. Anayejikopesha leo kwa nia ya kurudisha kesho ameingia njia ambayo wengi waliianza bila kutaka kuiba, wakajikuta hawawezi kurudisha.

La saba: Viongozi wabadilishwe kwa wakati uliopatanwa. Anayetoka akabidhi sanduku na kitabu mbele ya mkutano. Hesabu isomwe, na wote wawili, anayetoka na anayeingia, waweke sahihi. Hapo yule wa kwanza huenda nyumbani akiwa huru.

MAHALI HESABU ISIPOONEKANA

Watu wa Beni na Butembo wamejionea jinsi mashaka yanavyoumiza. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini, kwanza upande wa Mangina. Nayo ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Fedha nyingi zilikuja kuwasaidia watu. Lakini wanakijiji waliona magari ya kukodi yakipita, wakasikia habari za mishahara, wala hawakujua ni kiasi gani kilichoingia na kimefanya nini. Neno likaenea kwamba ugonjwa umegeuka biashara. Vita na ugomvi wa siasa vikayaongeza mashaka hayo. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya kutibia wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kutiwa moto, na wagonjwa wengine waliogopa kwenda kutibiwa.

Waganga na wauguzi wengi walifanya kazi kwa moyo safi, na wengine walipoteza maisha. Lakini mtu akikosa kuona hesabu, huikosa imani pia, na akikosa imani hukataa hata dawa itakayomponya. Hivyo hesabu iliyo wazi ni jambo la uzima na kifo, katika kazi kubwa za mataifa na katika kopo dogo la kijiji.

JUU YA HAYA NA HESHIMA

Wengine husema: «Kwetu kijana hamwulizi mzee, na mkristu hamwulizi padri.» Heshima ni njema, nayo ibaki. Ndiyo sababu hesabu iwekewe siku yake. Kila mwezi ikisomwa Jumapili ileile, hakuna anayehitaji kusimama na kuuliza kana kwamba anashitaki. Mtunzaji mwenyewe husimama kwanza, akasoma, akafungua sanduku. Kijana anabaki na adabu yake, mzee anabaki na jina lake, na maskini anapata haki yake.

Lau yule mzee wa mfano angalikuwa na daftari la kurasa thelathini, mama yule kijana angalisoma: pikipiki ya hospitali, dawa ya mtoto, faranga elfu tano zimekopwa, faranga elfu tano zimerudishwa. Angalifunga kitabu na kusema: «Asante, Baba.» Daftari hulinda mali ya maskini, tena hulinda jina la mtu mwaminifu, ambalo likipotea halinunuliwi sokoni.

MAULIZO NA MAJIBU

Ulizo: Mali iliyotolewa kwa maskini ni ya nani?
Jibu: Ni ya maskini. Anayeishika ni mtunzaji tu.

Ulizo: Je, yafaa kutumia sadaka ya wagonjwa kwa kazi nyingine njema?
Jibu: Haifai. Itumiwe kwa kusudi la yule aliyeitoa.

Ulizo: Kwa nini mtu mwaminifu naye aandike hesabu?
Jibu: Ili maskini asipunjwe kwa usahaulifu, watoaji wasivunjike moyo, na jina lake lisichafuliwe bure.

Ulizo: Je, kuomba hesabu ni kukosa heshima?
Jibu: Hapana, kukiombwa kwa adabu. Eklezia na nchi zote mbili zimeagiza hesabu itolewe.

Ulizo: Aliyechukua mali ya maskini afanye nini?
Jibu: Atubu na kurudisha alichokichukua. Toba isiyorudisha, hali mtu aweza kurudisha, si toba kamili.

KAZI YA JUMA HILI

Kila mkatekumeni achukue karatasi, aandike yaliyoingia na yaliyotoka katika nyumba yake kwa siku saba, hata kama ni chumvi na sabuni tu. Asiyejua kuandika asaidiwe na mwanawe. Mwisho wa juma alinganishe karatasi na fedha iliyobaki mkononi. Atakayeweza kutoa hesabu ya chumvi yake mwenyewe ameanza kustahili kukabidhiwa blanketi la mkimbizi.